Filta ya Koni Kwenye Pikipiki ya Shamba: Mimi Nasema Hapana

Kiangazi ndiyo hiki kimeshika, barabara za kwenda mabondeni zimekuwa unga mtupu, na nyanya za umwagiliaji zinaanza kubadilika rangi. Leo sitaongelea mbegu wala viuatilifu. Naongelea pikipiki, kwa sababu kwa kijana anayelima kwa biashara, pikipiki ni zana ya kazi sawasawa na pampu ya maji. Ikilala gereji wakati mzigo umeiva, hasara inasomeka kwenye daftari.

Kuna mtindo unaoenea huku kwetu Iringa, na nimeona niseme waziwazi ninavyouona. Vijana wana pikipiki ndogo za umbo la kizamani: taa ya duara, kiti kirefu bapa, injini ya silinda moja inayopozwa kwa upepo. Ndizo hizi Boxer, na zile za Kichina zilizofuata muundo wa Honda CG125. Wanang'oa boksi la filta ya hewa lililokuja na pikipiki, halafu wanafunga filta ya koni, ile ndogo yenye kichwa kinachong'aa, moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa: "Bwana shamba, sasa injini inapumua. Inapanda mlima na kreti nne bila shida."

Maoni yangu ni mafupi. Kwa pikipiki ya shamba, filta ya koni iliyo wazi ni hasara. Filta mbadala siikatai, ila ikae ndani ya boksi lake. Sasa tufuatane taratibu, maana sitaki mnikubali kwa sababu tu nimesema.

Injini inavuta hewa kiasi gani?

Lita 1 ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Ili iungue vizuri inahitaji hewa yenye uzito mara 14.7 ya uzito wake, yaani karibu kilo 11 za hewa. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo kilo 11 ni kama lita 9,000. Chukua matanki mawili ya maji ya lita 5,000 uyaweke pembeni: yaliyomo, pungufu kidogo, ndiyo hewa inayomezwa kwa kila lita moja ya petroli.

Kama unachoma lita 2 kwa siku, kwa siku 26 za kazi injini imevuta lita 468,000 za hewa. Yote imepita mlango mmoja tu, nao ni filta.

Na hewa ya kiangazi haiji peke yake. Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zile kubwa hazinitishi sana. Wauaji ni wale wadogo usiowaona kwa macho, wanaopenya katikati ya ringi na ukuta wa silinda, wakachanganyika na oili. Hapo oili yako, uliyoinunua ili ilainishe, inageuka kuwa msasa wa majimaji.

Ubaya wake ni kwamba injini haifi siku hiyo. Inaanza kula oili kidogo kidogo. Kiki inakuwa nyepesi kwa sababu kompresheni imeshuka. Moshi wa bluu unatokea asubuhi, baadaye unatokea siku nzima. Mwisho fundi anasema injini ishushwe, silinda ikachongwe, pistoni na ringi zibadilishwe. Wakati huo imeshapita miezi tangu filta ifungwe, na hakuna anayeikumbuka. Lawama inaenda kwa oili, au kwa "pikipiki za siku hizi". Ndiyo maana mtindo huu haufi: raha yake unaisikia leo, gharama yake inakuja msimu mwingine.

Jiulize kuhusu dripu yako

Wengi wenu mna umwagiliaji wa matone. Pale kwenye bomba kuu kuna filta ya diski, mara nyingi ya mesh 120, inayozuia chembe kubwa kuliko maikroni 130 hivi. Ikijaa uchafu presha inashuka na mistari ya mwisho haipati maji. Unafanya nini? Unaifungua, unaiosha, unairudisha. Sijawahi kumuona mkulima makini akiitupa filta ya dripu eti ili presha iongezeke. Anajua presha itapanda kweli leo, na wiki ijayo matundu yote yameziba.

Sasa kijana huyohuyo, anayelinda tundu la dripu kwa umakini wote huo, anaiacha injini ivute vumbi la barabara. Hapo ndipo nashindwa kuelewa. Kanuni ni ileile: filta ikibana, isafishe au ibadilishe. Usiiondoe.

"Lakini nguvu inaongezeka!"

Kinachoongezeka kwanza ni kelele. Boksi lile kazi yake nyingine ni kutuliza mlio wa hewa inayovutwa. Ukiling'oa, injini inanguruma, na sikio linaiambia akili kwamba kuna nguvu mpya.

Pili, waliotengeneza pikipiki walipanga kabureta, boksi na mpira unaoviunganisha vifanye kazi pamoja. Jeti za kabureta zimepimwa kwa hewa inayopita kwenye boksi lile. Ukiruhusu hewa nyingi bila kuongeza petroli, mchanganyiko unakuwa mkavu. Pikipiki inakohoa ukivuta mafuta ghafla, plagi inakuwa nyeupe, na injini inachemka. Kumbuka injini hii inapozwa kwa upepo. Ukipanda mlima kwa gia ya kwanza na mzigo mgongoni, upepo ni mdogo na joto ni kubwa. Hapo mchanganyiko mkavu unaumiza pistoni na valvu.

Fundi anayejua atakwambia ukifunga koni lazima ubadilishe meni jeti na kupanga upya sindano ya kabureta. Ni kweli, na anayefanya hivyo anaondoa tatizo la petroli. Vumbi linabaki palepale. Filta ya koni ni ndogo, imekaa chini karibu na gurudumu la nyuma, haina kifuniko. Boksi huvuta hewa kupitia mdomo uliofichwa chini ya kiti au pembeni, mahali ambapo vumbi na maji ya barabarani hayapigi moja kwa moja. Na mvua zikianza mwezi wa kumi na mbili, koni hiyohiyo inanyweshwa matope.

Siwabezi wanaozifunga kwa ajili ya mashindano. Wao wanafungua injini mara kwa mara, na bajeti yao imeshaweka hilo. Wewe bajeti yako ina mbegu, mbolea na vibarua.

Nguvu ya kupanda mlima inatoka wapi?

Shida ya mlima ni ya kweli, siikatai. Kutoka mabondeni hadi lami na nyanya nne kreti si mchezo. Kabla ya kugusa filta, angalia haya:

1. Upepo wa matairi. Tairi laini linakula nguvu.
2. Breki inayobana. Nyanyua gurudumu, lizungushe kwa mkono. Likigoma, umepata mwizi wako.
3. Mnyororo uliokauka au uliokazwa kupita kiasi.
4. Filta iliyojaa. Mara nyingi "injini haipumui" kwa sababu filta haijafunguliwa tangu pikipiki inunuliwe.
5. Sproketi. Kama nyuma una meno 42 ukaweka 45, nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu inaongezeka kwa asilimia 7 hivi katika kila gia. Utapoteza spidi kidogo ya barabara kuu, lakini mzigo wa nyanya hauhitaji spidi. Hakikisha tu mnyororo unafika.

Hiyo namba 5 ndiyo jibu la mlima. Na haiingizi hata punje moja ya vumbi.

Filta mbadala ninayoikubali

Najua hoja nyingine: filta orijino haipatikani kirahisi vijijini, na feki zimejaa. Hapo nawaunga mkono. Nunua mbadala, lakini iwe ile inayokaa ndani ya boksi, ya karatasi au ya sponji, yenye umbo sawa na ya zamani. Kuifunga si kazi ngumu:

- Osha pikipiki kwanza, hasa pembeni kwenye kifuniko, ili udongo usidondokee ndani.
- Fungua boksi, toa filta ya zamani, halafu pitisha kidole upande wa kabureta, yaani upande uliopaswa kuwa safi. Ukikuta vumbi, kuna mahali panavuja. Usifunge mpya kabla hujapapata.
- Ziba mdomo wa kuelekea kabureta kwa kitambaa safi, kisha futa boksi kwa kitambaa chenye unyevu. Usisahau kukitoa kitambaa.
- Linganisha filta mpya na ya zamani: urefu, upana, na mpira wa pembeni. Ikicheza hata kidogo, irudishe dukani. Hewa haibishani, inapita penye upenyo.
- Karatasi haioshwi wala haipakwi mafuta, isipokuwa mtengenezaji ameiuza ikiwa na mafuta tayari. Ikung'ute polepole au ipulize kwa presha ndogo kutoka ndani kwenda nje. Iinue dhidi ya jua: ukiona tundu, tupa.
- Sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, isuuzwe, ikauke kivulini kabisa. Iloweke kwenye oili nzito ya gia, halafu ikamue bila kuisokota mpaka isidondoke. Sponji kavu haikamati vumbi dogo. Ile oili ndiyo inayolinasa. Petroli usitumie kuosha, ni hatari ya moto na inaharibu sponji.
- Kaza klampu za mpira unaounganisha boksi na kabureta. Mpira ukiwa na ufa, badilisha. Filta nzuri na mpira uliopasuka ni sawa na mlango wa chuma kwenye nyumba isiyo na ukuta.

Baada ya siku chache za kazi fungua plagi uitazame. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa iliyokolea, uko salama. Nyeupe, hewa imezidi. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi au filta imebana.

Kama koni umeshaifunga na boksi bado liko stoo, lirudishe pamoja na jeti zake za mwanzo. Kama boksi liliuzwa au kutupwa, tafuta jingine kwa wauza spea zilizotumika kabla vumbi halijakolea. Na mwaga oili ya sasa, weka mpya, maana huwezi kujua imeshabeba nini.

Weka filta kwenye kalenda ya shamba

Tunaandika tarehe ya kupanda, kukuzia na kupulizia. Andika na filta. Kiangazi, kwa barabara ya vumbi, mimi nashauri ifunguliwe kila wiki na kuangaliwa, na isiwe baada ya pikipiki kuanza kulalamika. Fuata kitabu cha pikipiki yako kuhusu lini ibadilishwe, lakini jua kwamba vitabu vingi vyenyewe vinasema penye vumbi muda ufupishwe. Ukishika pikipiki, shika na pampu ya maji na pawatila. Nazo zinavuta hewa ileile ya shamba, na mara nyingi huwa chini kabisa, puani mwa vumbi.

Mtu anaweza kusema bwana shamba ameingilia kazi ya mafundi. Hapana. Fundi anaijua injini kuliko mimi, na anayekukataza koni msikilize sana, maana anajinyima kazi ya kesho. Mimi kazi yangu ni faida yako. Nyanya ikishaiva haingoji ringi ziletwe kutoka mjini. Dalali anajua pikipiki yako imelala, na bei atakayokupa shambani siku hiyo unaijua mwenyewe.

Jioni ya leo, kabla hujaoga, fungua kile kifuniko cha pembeni utazame. Kazi njema shambani.