Tiketi bila kiti

Mwezi uliopita nilisafiri usiku kutoka Bukavu kwenda Goma kwa meli moja ya abiria, jina lake nalihifadhi. Juu, daraja la kwanza, kuna meza zenye vitambaa, na sahani ya chakula imo ndani ya bei ya tiketi. Chini, mama mmoja alimlisha mtoto wake fufu na sambaza akiwa ameketi juu ya gunia, katikati ya njia ya kutokea. Tiketi alikuwa nayo. Kiti hakuwa nacho.

Sina neno na wanaokula mezani, wamelipa. Lakini njia ile ndiyo inayofika kwenye jileti za kuokolea maisha, na usiku huo hakuna ambaye angepita bila kukanyaga mtu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku ikiwa imepakia kupita kiasi. Tumesahau haraka hivyo?

Wenye meli husema raia wenyewe ndio wanaojilazimisha kupanda. Kweli kidogo, barabara yetu inajulikana. Lakini anayekata tiketi ni nani? Kila tiketi iandikwe namba ya kiti, na viti vikiisha dirisha lifungwe. Na kile chumba cha kulia, kilichobaki kitupu tangu saa tatu usiku taa zikiwaka, kifunguliwe wamama wenye watoto wakae humo hadi asubuhi. Nilimuuliza mhudumu kwa nini hakifunguliwi. Akajibu kwamba vitambaa vitachafuka.