Mkubwa Akisema, Hesabu Ijaribiwe

Iko namba moja inayofaa kujulikana na kila mtoto wa shule: 4 294 967 297. Namba hii yapita miliari nne, tena inafundisha jambo kubwa: sifa ya mtu haitoshi kuwa jibu la hesabu.

Namba nyingine hazigawanyiki bila baki, isipokuwa kwa 1 na kwa zenyewe. Hizo huitwa namba tasa. 7 ni tasa, na 13 vilevile. Lakini 15 si tasa, kwa maana 3 mara 5 ni 15.

Zamani katika nchi ya Ufaransa alikuwako mtu jina lake Pierre de Fermat. Kazi yake ilikuwa katika baraza la hukumu la mji wa Toulouse, lakini alipenda hesabu kupita watu wengi wa siku zake. Alishika 2, akaizidisha kwa yenyewe, akapata 4. Akazidisha 4 kwa 4, akapata 16. Kisha 16 kwa 16, akapata 256. Kisha 65 536. Kila namba akaiongezea 1. Hivi alipata 3, 5, 17, 257 na 65 537. Zote tano ni tasa. Basi mwaka 1640 aliandika katika barua kwamba anaamini zote zinazofuata ni tasa pia, lakini akakiri kwamba hana uthibitisho.

Ya sita ndiyo 4 294 967 297. Ilipita miaka zaidi ya tisini. Mwaka 1732, Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, akaonyesha kwamba 641 inaigawa bila baki. Kumbe si tasa! Euler huyo alifundisha pia njia fupi: kila namba inayoigawa hiyo ya sita, ukiigawa kwa 64, hubakisha 1. Kwa hiyo hakuna haja ya kujaribu 3, wala 7, wala 11. Lakini 641 ni 64 mara 10, na 1 juu yake.

Je, Fermat alikuwa mjinga? Hata kidogo. Mama akipasua mayai matano mazuri, la sita laweza kuwa bovu. Mifano mitano si uthibitisho. Fermat astahili heshima, kwa sababu alitenga jambo analoliamini na jambo analolijua. Tena hata leo, pamoja na mashine za kuhesabu zenye nguvu, haijapatikana tasa nyingine katika mfuatano huo baada ya 65 537.

Wako wasemao: mkubwa akisema, mtoto anyamaze. Kwa adabu ya nyumbani ni vema. Katika hesabu, mtoto asikilize kwa heshima, kisha ajaribu mwenyewe. Anayenakili jibu la jirani yake hana jibu. Ana wino tu juu ya karatasi. Na mwalimu mwema hakasiriki mwanafunzi akimwonyesha kosa ubaoni, bali hufurahi kwamba somo limeingia.

Basi mwanafunzi achukue kalamu, azidishe 6 700 417 kwa 641. Kazi hiyo yaweza kwisha kabla ya kengele kulia. Akimaliza, hatamwamini Euler tu. Atajua.