Mtu wa Lazima

Uliza kijiweni ni mchezaji gani timu haiwezi kumkosa, utatajiwa mfungaji. Nakataa. Mwaka 2003 Real Madrid, mabingwa wa Hispania, walimnunua David Beckham, wakamwachia Claude Makélélé, mzaliwa wa Kinshasa, aende Chelsea. Mabao hakuwa nayo mengi. Kazi yake ilikuwa kupokonya mipira na kuwapa wenye majina. Msimu uliofuata Madrid walimaliza ligi wakiwa wa nne, na ubingwa wake hawakuupata tena hadi 2007. Chelsea walitwaa wa Uingereza 2005 na 2006. Sababu nyingine zilikuwapo, lakini pengo lile lilionekana. Basi, ndugu msomaji, usihesabu mabao tu; jiulize akitoka nani atabeba mzigo wake. Nyumba husifiwa rangi, husimama kwa msingi.