Kemia Haichagui Vichwa

Katika sekondari za Mbulu na Hanang, mwanafunzi akiacha kemia kidato cha tatu, hukumu huwa tayari: hana kichwa cha sayansi. Wasichana huambiwa hivyo mara mbili, shuleni na nyumbani, hadi wakaamini kwamba wamepimwa. Hukumu hiyo haina mashiko.

Kwa miaka mingi mtaala wa Tanzania umewataka wote wasome fizikia na kemia kidato cha kwanza na cha pili, kisha ukawaruhusu kuziacha. Bayolojia na hisabati haukuruhusu ziachwe. Kwa hiyo yule yule anayeambiwa kemia imemzidi hubaki na hisabati hadi kidato cha nne, somo ambalo ufaulu wake katika matokeo ya Baraza la Mitihani (NECTA) huwa chini ya ule wa kemia kwa mbali. Ni kweli, wanaofanya mtihani wa kemia wamekwisha kuchujwa. Lakini nani kawachuja, na kwa chekecheke gani?

La kwanza ni lugha. Mtoto wa Dongobesh huongea Kiiraqw nyumbani, na shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza kemia inamjia kwa Kiingereza. Akishindwa kueleza jinsi chuma kinavyopata kutu, hajulikani kama kilichomshinda ni kutu au ni sentensi.

La pili ni maabara. Shule nyingi za kata zilifunguliwa bila maabara, hadi Rais Kikwete alipoagiza kila moja iwe nazo tatu ifikapo Novemba 2014. Majengo yalisimama, lakini kemikali, maji ya bomba na fundi wa maabara ni hesabu nyingine. Mwanafunzi anayeshika bureti kwa mara ya kwanza mtihani wa vitendo ukiwa mlangoni hufungua koki, asidi ikakimbia, na njano ya methili oranji ikageuka waridi kabla hajasoma kipimo. Hapo mkono ndio haujazoea. Kichwa hakijaulizwa lolote.

Hata hivyo umaskini usiwe kisingizio cha kila kitu. Magadi yanayolainisha maharage jikoni, yakikamuliwa limau, hutoa povu la kaboni dioksidi. Maji mekundu ya choya hugeuka rangi yakitiwa magadi hayo hayo. Hilo ni somo zima la asidi na besi, kwa vitu vya sokoni Katesh. Chini ya Mlima Hanang, Ziwa Balangida linapokauka huacha tabaka jeupe la chumvi, maabara isiyohitaji tenda. Lakini mwalimu mmoja mwenye vipindi vya kemia na bayolojia vya shule nzima hana nafasi ya kuwapeleka huko, naye hupimwa kwa matokeo ya mtihani tu.

Na wanaoichagua kemia? Mara nyingi ni wale waliokwisha kuona inakoelekea. Haydom, huko Mbulu, ina hospitali ya Kilutheri tangu 1955, na chuo cha afya. Kozi za uuguzi na utabibu hudai ufaulu wa kemia na bayolojia. Mwenye dada muuguzi hulijua hilo angali kidato cha pili, akaing'ang'ania kemia hata kwa alama ya D. Asiye na dada huyo hulisoma kwenye fomu ya maombi ya chuo, miaka miwili baada ya kuliacha somo.