Mkorogo Huanzia Midomoni Mwetu

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, yapo mambo tunayoyadhania kuwa ni ya kioo na saluni tu, kumbe ni ya afya, ya malezi na ya dini. Mojawapo ni namna jamii inavyoubadili mwili wa mwanadamu kwa jina la uzuri.

Uzuri huo haukuwa mmoja katika zama zote. Mwaka 1861, msafiri wa Kiingereza John Hanning Speke alipofika Karagwe, aliwakuta wanawake wa nyumba ya kifalme wakinyweshwa maziwa hadi wakanenepa mno, kwa kuwa unene ndio uliokuwa urembo wao. Huku kusini, Wamakonde walichanja nembo usoni, na wanawake wakavaa ndonya katika mdomo wa juu. Leo ndonya imebaki kwa vikongwe na katika vinyago, na binti aliyenenepa hutafutiwa dawa ya kukonda. Waliohukumu jana wamepita, na hukumu yao imepita nao.

Lakini hukumu mpya imekuja, nayo ni ya rangi. Hapa Songea, kama ilivyo katika miji mingine ya nchi yetu, wapo wanaojipaka mkorogo ili waonekane weupe. Mkorogo ni mchanganyiko wa krimu na sabuni ambazo mara nyingi zina zebaki, haidrokwinoni au dawa za jamii ya steroidi. Zebaki hupenya ngozi ikaingia katika damu, ikadhuru figo na mishipa ya fahamu, na kwa mjamzito humfikia hata mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi yenye ubuluu katika mashavu yale yale yaliyokusudiwa kung'arishwa. Steroidi hukondesha ngozi, na jeraha likachelewa kupona.

Serikali imekwisha kupiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivyo, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mwaka 2023, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata ziliamua kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe ifikapo mwaka 2025. Pamoja na hayo, kopo lisilo na lebo bado hupata mnunuzi. Kwa nini?

Tazameni ajabu hii. Ndugu zetu wenye ualbino wamezaliwa bila ya kinga ya kutosha ya rangi katika ngozi, na jua huwaletea saratani. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta maalumu ya kuwakinga. Basi huyu anatafuta mafuta yashike nafasi ya kinga aliyoikosa, na yule ananunua mafuta ya kuiondoa kinga aliyopewa bure! Tena jamii hiyo hiyo inayousifu weupe wa kununua imewahi kuwawinda na kuwaua waliozaliwa nao.

Dini yetu haipingi kujipamba. Hina, wanja, manukato, mswaki na mavazi mazuri vimo katika yaliyo halali. Wala haikatazi tiba: sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke pua ya dhahabu. Kilichokemewa ni kubadili umbile bila ya dharura, kama vile kuchanja chale na kuchonga meno kwa ajili ya urembo, na kila lenye kuudhuru mwili, kwani mwili ni amana. Na katika Sura Ar-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu amezihesabu tofauti za rangi zetu kuwa ni katika ishara Zake. Vipi basi tuione ishara ya Mola kuwa ni aibu ya kufutwa?

Hata hivyo, tusiwatupie lawama mabinti peke yao. Mkorogo huanzia midomoni mwetu. Mtoto hajatimiza siku saba, shangazi anamkagua masikio apate kujua atakuwa wa rangi gani. Kijana anatafutiwa mchumba, sharti la kwanza linakuwa "awe mweupe", na suala la swala na tabia linafuata baadaye. Dada wawili wanalelewa nyumba moja, mmoja anaitwa mrembo na mwingine anaitwa "cheusi". Huyo wa pili akienda dukani kesho, ni nani aliyemtuma?

Enyi wazazi, msifuni binti kwa adabu yake, elimu yake na umbo alilopewa na Muumba wake. Enyi vijana, chagueni dini na tabia njema. Na yule ambaye ngozi yake imekwisha kuharibika asichekwe wala asifichwe ndani. Apelekwe hospitali na amweleze daktari kila alichokipaka.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azipambe nyoyo zetu kama alivyoyapamba maumbile yetu. Amin.