Kliniki ya Meno Huuzwa, Wagonjwa Je?

Masomo ya udaktari wa meno yalianza katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1974. Ukipiga hesabu utaona kwamba wale vijana wa mwanzo, waliohudumu katika hospitali za serikali kisha wakafungua kliniki zao mijini, sasa ni wazee wenye wajukuu. Macho yao hayalioni tena tundu dogo la jino kama zamani, na si wote waliojaliwa mtoto aliyeifuata kazi ya mzazi. Si ajabu, basi, kusikia kwamba kliniki fulani ya ghorofa ya pili, yenye viti viwili, mashine zake na wagonjwa wa miaka thelathini, inatafuta mnunuzi.

Upande wa pili wamo vijana. Sisi walimu tumekuwa tukiwahimiza wanafunzi wetu hodari wajaze fomu za kusomea udaktari, ukiwemo wa meno, tukiwaahidi kwamba kazi itawangoja. Mambo sivyo yalivyo. Mgomo wa madaktari wa mwaka wa 2024 uliendelea kwa siku 56, tangu Machi 14 hadi Mei 8, na kiini chake kimoja kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi, ambayo serikali ilitaka yawe Sh70,000 kwa mwezi ilhali mkataba wa 2017 ulitaja zaidi ya Sh200,000. Kijana aliyeona mlango wa serikali ukifunguliwa kwa shingo upande namna hiyo hugeukia benki. Akiwa bado na deni la HELB mabegani, huomba mkopo mwingine ili ainunue kliniki ya mzee.

Wapo walionijia kuniuliza iwapo huo ni uamuzi wa busara. Mimi si tabibu wala mhasibu, lakini swali lenyewe ni la kila raia mwenye meno: mnunuzi hununua nini hasa?

Vifaa havina fumbo. Kiti cha mgonjwa, kompresa, mashine ya kutakasa vyombo kwa mvuke, vyote vina bei, na fundi anaweza kusema vimechakaa kiasi gani. Mashine ya eksirei nayo haitoshi kuwaka tu, kwa maana tangu Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019 kuna mamlaka maalumu inayotoa leseni za mitambo ya mnururisho, na asiyeuliza cheti anaweza kununua chuma asichoruhusiwa kukitumia. Leseni ya daktari ni ya daktari mwenyewe. Haiachwi mezani pamoja na funguo. Kituo nacho huhitaji leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na leseni hiyo huhuishwa kila mwaka.

Ajabu ni kwamba vitu hivi vyote vinaweza kuwa sehemu ndogo tu ya bei. Fungu kubwa hutozwa kwa kitu kisichoshikika, kile ambacho wafanyabiashara wa River Road na Eastleigh hukiita gudwili. Mwenye kibanda cha nguo akidai gudwili, anauza mahali: watu watapita pale hata muuzaji akibadilika. Daktari wa meno anauza nini? Mgonjwa hafiki ghorofa ya pili kwa kupita njia. Amefika kwa sababu mzee yule alimng'oa mamake jino bila kumuumiza, akamsamehe jirani yake nusu ya malipo, akamwambia shangazi yake kwamba jino lile halikuhitaji kuzibwa. Wahenga walisema chema chajiuza. Hapa lakini chema hicho ni imani, nayo imefungamana na mtu anayeondoka.

Waingereza, ambao sheria zetu nyingi za taaluma zina asili kwao, walilijadili jambo hili zamani. Kabla ya Huduma ya Taifa ya Afya kuanza Julai 5, 1948, daktari kijana nchini Uingereza alizoea kukopa ili anunue wagonjwa wa daktari mzee, kisha akatumia miaka kadhaa akilipa. Sheria ya mwaka wa 1946 ilipiga marufuku biashara hiyo kwa madaktari wa kawaida waliojiunga na huduma mpya, na serikali ikatenga pauni milioni 66 kuwafidia. Madaktari wa meno hawakuwekwa katika katazo hilo. Huko kwao kliniki za meno zimeendelea kuuzwa pamoja na jina lake, na kampuni kubwa zenye mamia ya kliniki zimezaliwa kutokana na ununuzi huo.

Siungi mkono kuiga marufuku ile hapa kwetu. Serikali haina fedha za kumfidia mzee aliyejenga kliniki kwa jasho lake, na kumnyima haki ya kuuza ni kumwambia afe na kiti chake. Hata hivyo, hofu iliyowasukuma Waingereza ni hofu ya kweli. Tuseme kijana amelipa shilingi milioni nane, ambapo milioni tano ni za jina. Benki hungoja rejesho lake kila mwezi, wagonjwa waje wasije. Mtu huyu atakapokichungulia kinywa cha mtoto wako na kuona doa la hudhurungi, atasema tungoje miezi sita tuone, kama alivyozoea kusema yule mzee? Au atasema tuzibe leo? Meno yana hatari hii zaidi ya viungo vingine, kwa sababu mgonjwa hawezi kujitazama mwenyewe na jino lililokwisha kuchimbwa halirudi. Sisemi vijana wetu ni walaghai, la hasha. Nasema deni ni mshauri mbaya ndani ya chumba cha matibabu, na bei kubwa ya gudwili hatimaye hulipwa na vinywa vya wagonjwa.

Kuna pia watu waliolipa kabla ya mauzo. Msichana wa kidato cha pili amewekewa nyaya za kunyoosha meno, kazi ya mwaka mmoja na nusu au zaidi, na baba yake amekwisha kumlipa mzee nusu ya gharama. Mzee akiuza na kuhamia shambani, zile nyaya ni deni la nani? Mauziano yasiyotaja jambo hili yamepanda ugomvi. Kadhalika faili za wagonjwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na sioni vipi kabati lenye siri za maelfu ya watu linaweza kubadilisha mikono kama gunia la mahindi bila wenyewe kuarifiwa.

Kijana mnunuzi naye anahitaji kinga. Sura ya 500 ya Sheria za Kenya, inayohusu uhamishaji wa biashara, inataka tangazo litolewe hadharani ili wadai wajue. Asiyetangaza anaweza kujikuta akifuatwa kwa madeni ya mwenye zamani. Vitabu vya hesabu navyo visomwe kwa makini, hasa vya miaka ambayo mapato yalitoka kwa bima. NHIF iliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na SHA Oktoba 2024, kwa hiyo faida ya 2022 haiwezi kuwa kipimo cha kesho. Na mkataba wa pango usomwe kabla ya kulipa hata senti moja, kwa kuwa mwenye nyumba akikataa mpangaji mpya, kilichonunuliwa ni viti vya kubebwa kwa lori.

Ningependa kuona gudwili ikilipwa kidogo kidogo, kwa kadiri ya wagonjwa wanaorudi. Mzee abaki kliniki miezi sita au mwaka, siku mbili kwa wiki, amtambulishe kijana kwa kila anayeketi kitini. Wakirudi, alipwe sehemu iliyosalia. Wasiporudi, bei ipungue. Hapo mzee atakuwa na sababu ya kumfunza mwenzake, na kijana hatabanwa na benki kabla hajafahamika.

Baraza lina uwezo wa kulisukuma jambo hili bila kungoja Bunge. Linapoombwa leseni ya kliniki iliyobadilisha mwenyewe, liulize mambo mawili: wagonjwa wameandikiwa barua wakaelezwa kwamba wanaweza kuchukua faili zao waende kwingine? Na ni nani ametia sahihi kwamba atamaliza kazi zilizokwisha kulipiwa? Asiye na jibu asipewe leseni mpaka alilete, na kliniki ibaki kwa jina la mzee hadi siku hiyo.