RUBANI ANA HAKI YA KUSHUKU

Wako wasemao kwamba marubani wa mashirika madogo ya ndege huko Marekani hawana shukrani: mishahara yao imepandishwa, na bado hawawaamini wakubwa wao. Sisi twasema kwamba kutoamini huko si utovu wa adabu. Ni funzo walilopewa na wakubwa wenyewe, kwa vitendo, na kwa muda wa miaka mingi.

Kwanza yatupasa tuufahamu mpango wenyewe. Msafiri wa mji mdogo hununua tikiti ya Delta, United au American, na ndege anayoipanda imepakwa rangi za shirika hilo. Lakini mara nyingi anayeirusha si mwajiriwa wake. Ni mwajiriwa wa shirika jengine dogo, lililokodiwa kwa mkataba wa miaka kadhaa kuzirusha safari zile. Shirika kubwa ndilo lipangalo safari, liuzalo tikiti na lishikalo fedha. Mkataba ukimalizika, laweza kumpa kazi aliye rahisi zaidi. Basi madogo hushindana kwa kushusha bei. Na kwa kuwa bei ya mafuta na ya ndege haimo mikononi mwao, kinachobaki kushushwa ni ujira wa mtu.

Pili, rubani hana pa kukimbilia. Katika kazi hiyo mshahara, cheo, na hata siku za mapumziko hufuata tarehe mtu aliyoandikwa katika shirika lake. Aliyetumikia miaka 20 akihamia kwengine, kwa kawaida huanza mkiani, nyuma ya kijana aliyeandikwa wiki moja kabla yake. Mkubwa aujuaye ukweli huu hana haja ya kupaza sauti. Humtosha kusema tu kwamba safari zitapewa wengine.

Wala kitisho hicho si maneno matupu. Marubani wa Comair, shirika lililokuwa mali ya Delta, waligoma siku 89 katika mwaka 2001, wakapata mkataba ulio bora. Mwaka 2005 shirika likaingia katika ufilisi, nao wakatakiwa waregeshe sehemu ya walichokipata. Mwaka 2012 Delta ikalifunga shirika zima. Katika mwaka wa korona, 2020, Trans States na Compass zilifungwa mwezi wa Aprili, na ExpressJet ikasimamisha safari zake Septemba. Waliokuwa makapteni jana wakawa waombaji wa kazi leo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nani atamlaumu?

Jambo hili halimhusu rubani peke yake. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan, iliyokuwa ikiruka kwa jina la Continental, ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Wachunguzi walisema kosa lilikuwa la kapteni katika kuiongoza ndege ilipopungukiwa na mwendo, nasi hatulifichi hilo. Lakini uchunguzi ule ule ulidhihirisha kwamba rubani msaidizi alisafiri usiku kucha kutoka Seattle ili afike kazini, na kwamba mshahara wake haukufika dola 25,000 kwa mwaka. Tikiti ilikuwa na jina kubwa. Ujira ulikuwa mdogo.

Baada ya msiba ule Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2010, na tangu 2013 rubani msaidizi hutakiwa kwa kawaida awe na saa 1,500 za kuruka. Wakubwa wakalalamika kwamba sheria hiyo ndiyo iliyoleta uhaba wa marubani. Twauliza: kijana gani atakopa fedha nyingi asome, akusanye saa zote hizo, kisha alipwe ujira usiotosha kodi ya nyumba? Jawabu lilikuja mwaka 2022. Envoy, Piedmont na PSA, yote mali ya American, yalimpandishia rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza mpaka dola 90 kwa saa. Fedha zilizokuwa hazipo zikaonekana! Lakini sehemu ya nyongeza ile ilitangazwa kuwa ya muda, hadi Agosti 2024. Kinachotolewa kama hisani huweza kuondolewa kama hisani.

Sheria nayo humfunga mfanyakazi mikono. Kwa mujibu wa sheria ya kazi za reli ya 1926, iliyotandazwa juu ya mashirika ya ndege mwaka 1936, mkataba haufi siku yake ikifika. Huendelea vile vile mpaka mwengine ukubaliwe, na mgomo haujuzu mpaka baraza la usuluhishi la serikali liwaachilie. Katika kungoja huko, mwenye mfuko hapati taabu. Mwenye njaa ndiye anayehesabu siku.

Dawa yake haifichikani. Nyongeza iandikwe ndani ya mkataba, isitundikwe ubaoni kama tangazo. Safari zikihamishwa, marubani wazifuate pamoja na miaka yao ya utumishi. Na lile shirika ambalo jina lake limo katika tikiti liwajibike kwa hali ya yule anayeishika usukani.

Ama nyinyi, ndugu wanachama, popote mtakapoletewa mkataba, utazameni: nani atiaye sahihi, na nani ashikaye mfuko? Wakiwa ni watu wawili mbalimbali, jihadharini kabla ya kalamu kugusa karatasi.